Siku Walimu Walipofungiwa Nje ya Shule

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na katika miaka hiyo mlango wa ofisi yangu umenikatalia mara nyingi: mara kwa kutu, mara kwa mvua iliyovimbisha mbao, na mara moja kwa sababu ya mbuzi wa jirani aliyezalia pale kizingitini, akakataa kabisa kuondoka. Lakini kufungiwa nje na wanafunzi, tena kwa makusudi, tena Mwalimu Mkuu akiwa na habari mapema, hilo sikupata kuliona mpaka nilipofika Ujerumani wiki ya mwisho ya Juni 2019. Basi, wasomaji, kaeni vizuri niwasimulie.

Parokia yetu ina urafiki wa siku nyingi na parokia moja ya Bavaria, jimbo kubwa la kusini mwa Ujerumani. Mwaka ule walitualika watu wanne. Kutoka München tulipanda gari moshi kuelekea magharibi mpaka Geltendorf, na kutoka hapo stesheni moja tu mbele tukashuka St. Ottilien. Jina hilo si geni kwa watu wa kusini mwa Tanzania, maana watawa Wabenedikto wa nyumba hiyo ndio waliofungua misioni ya Peramiho mwaka 1898 na ile ya Ndanda mwaka 1906. Tulitaka kuona walikotoka. Tukaona mashamba, ng'ombe wanene, kanisa lenye mnara mrefu uliochongoka, na jumba la makumbusho lenye vitu vya kwetu. Na hapo tukampata Bruda mmoja mzee, seremala, aliyefanya kazi miaka mingi upande wa Songea. Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Alikubali kufuatana nasi mpaka kwa wenyeji wetu awe mkalimani, na bila yeye nisingeelewa hata nusu ya mambo haya.

Wenyeji wetu walikaa katika mji mdogo si mbali na hapo. Jina la mji nitaliacha, maana mambo ya nyumba ya watu hayatangazwi gazetini bila ruhusa. Baba ni fundi umeme, mama ni muuguzi, na wana mabinti wawili. Yule mkubwa alikuwa na umri wa miaka 18.

Usiku wa kwanza, baada ya chakula, yule binti mkubwa aliinuka mezani, akachukua mfuko mkubwa wa maputo, pampu ya baiskeli na kamba, akaelekea mlangoni. Nikamwuliza Bruda, "Mtoto anakwenda wapi saa hizi?"

Bruda akamwuliza, kisha akanijibu, "Anakwenda shuleni."

Moyoni nikasema, tazama wenzetu wanavyopenda elimu! Mama yake akacheka, akaongeza maneno, na Bruda akafasiri: "Mtihani amekwisha kufanya. Sasa anakwenda kuifunga shule."

Nilimwomba Bruda arudie. Akarudia. Maneno yakawa yale yale.

Hapo nikaelezwa. Mwisho wa shule ya sekondari ya juu Wajerumani wana mtihani mkubwa uitwao Abitur. Ndiyo ufunguo wa Chuo Kikuu. Ni mtihani wa zamani sana: ulianzishwa katika ufalme wa Prussia mwaka 1788. Huko Bavaria mtoto hutahiniwa katika masomo matano, matatu kwa kuandika na mawili kwa mdomo. Majibu yakitoka, na kabla ya kugawiwa vyeti, wahitimu wana siku yao moja ya kuiaga shule kwa mizaha. Huiita Abistreich, au mahali pengine Abischerz. Neno la kwanza ni hila ya kitoto, la pili ni mzaha. Siku hiyo shule si ya walimu, ni ya wahitimu.

Na mwaka ule walikuwa na hamu ya mzaha kuliko miaka mingine. Mwezi wa Mei, mtihani wa hesabu wa Bavaria nzima ulileta kilio kikubwa. Wanafunzi walisema ulikuwa mgumu kupita kiasi, na makumi ya maelfu ya watu wakatia sahihi zao kwenye malalamiko. Wizara ikauchunguza mtihani ule, kisha ikasema alama hazitapunguzwa ukali. Yule binti wa nyumba alikuwa mmoja wa waliolia. Baba yake alituambia kwamba siku ile alirudi nyumbani, akajifungia chumbani mpaka jioni, akidhani udaktari alioutaka tangu utotoni umeshaponyoka. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba maputo yale yalikuwa upuuzi mtupu. Mtu hucheka sana pale alipokaribia kulia.

Asubuhi tukaenda sote. Wiki ile joto kali lilikuwa limeishika Ulaya, hata wazee wa mji walikuwa wakitembea kwenye vivuli kama sisi. Shule huanza kabla ya saa 2. Tulipofika, mlango mkubwa ulikuwa umezibwa kwa viti vilivyopangwa juu kwa juu na kufungwa kwa kamba. Juu yake kulikuwa na tangazo kubwa. Bruda akasoma, akashika tumbo kwa kucheka: "Shule inauzwa. Bei ni ya chini sana, maana walimu wanauzwa pamoja nayo."

Nyuma ya vioo tuliona ukumbi umejaa maputo mpaka kiunoni. Na mbele ya mlango, kwenye jua, walimu wamesimama na mikoba yao kama abiria waliokosa basi. Wahitimu walikuwa wamevaa fulana za rangi moja zenye majina yao wote mgongoni. Kifuani waliandika mchezo wa maneno, maana kila mwaka huchukua Abi, ufupisho wa jina la mtihani, na kuliunganisha na neno jingine. Wako waliochukua neno la wafanya mazingaombwe, Abrakadabra, wakalifanya Abikadabra, kana kwamba walipita mtihani kwa kiini macho. Mikononi walishika bunduki za plastiki za kurushia maji. Kwa joto lile, nadhani wako walimu waliojipitisha mbele yao kusudi.

Kila mwalimu alitakiwa kulipa ndipo aingie. Malipo si fedha. Mmoja aliruka kichura mpaka mlangoni. Mwingine, mnene, mwenye ndevu, aliimba wimbo wa watoto wadogo mpaka mwisho, na watoto wa miaka kumi wakampigia makofi mengi kuliko yale aliyopata maisha yake yote. Mwalimu kijana wa michezo alijaribu kupita dirishani kwa werevu. Akakuta wamemsubiri humo ndani na ndoo.

Saa 4 shule nzima ilikusanyika uwanjani, mbele ya tela la trekta lililofanywa jukwaa. Walimu wakaitwa mmoja mmoja kutahiniwa. Aliyenikaa moyoni ni mwalimu wa hesabu. Walimsimamisha mbele ya ubao wenye swali moja la mtihani ule wa Mei, wakampa dakika tatu. Maskini, alipoanza tu kuandika, wahitimu wawili wakaanza kutembea nyuma yake polepole, mikono mgongoni, wakichungulia begani kwake na kuguna, kama asimamiavyo yeye. Mmoja akaangusha kalamu. Mwingine akakohoa. Binti wa wenyeji wetu, aliyeshika saa, akatangaza kila baada ya nusu dakika muda uliobaki. Mwalimu akaomba kikokotoo. "Sehemu hii hairuhusu!" ikajibu shule nzima kwa sauti moja. Jasho likamtoka. Filimbi ikalia, naye hajafika hata nusu.

"Pointi 4 kati ya 15," binti akasema. "Usikate tamaa, jaribu tena mwaka kesho."

Mwalimu yule akainama kama mcheza ngoma aliyeshangiliwa, akashika kipaza sauti, akasema, "Leo nimeelewa kilio chenu. Alama zenu hata hivyo hazibadiliki." Nikaona wale waliolia mwezi wa Mei wakicheka mpaka machozi, na yule binti akamkumbatia mwalimu wake. Nami nikawaza: barua ya Wizara haikuweza kuwapa jambo hili. Walichotaka, zaidi ya alama, ni mtu mzima mmoja akiri mbele yao kwamba swali lilikuwa gumu.

Kisha akaitwa mwalimu wa Kilatini. Uwanja ukatulia. Alikuwa mama mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, na Bruda aliniambia kwamba hata wazazi wengine pale, waliofundishwa naye, walikuwa bado wakinyoosha mgongo wakimwona. Wahitimu wakamkalisha kitini kama mshtakiwa. Kijana mmoja akasoma shitaka: "Sisi tumekaa hapa miaka 8, tukahitimu. Huyu yuko shule hii zaidi ya miaka 30, na mpaka leo hajahitimu. Kila mwaka wenzake wanaondoka, yeye anarudia darasa."

Hapo wakamletea zawadi. Yafaa nieleze. Mtoto wa Kijerumani anapoanza shule, kwenye umri wa miaka sita, wazazi humpa mfuko mrefu wa karatasi ngumu, wenye ncha chini na mdomo mpana juu, mfano wa kile kikaratasi cha muuza karanga, ila huu hukaribia urefu wa mtoto mwenyewe. Ndani hutiwa peremende, penseli na vitu vya kuchezea, ili siku ya kwanza ya shule iwe tamu. Katika kila nyumba utaona picha ya mtoto ameukumbatia mfuko wake. Wahitimu walimpa yule mama mfuko wa namna hiyo, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki shuleni. Juu yake walibandika kadi yenye maneno ya Kilatini.

Mama yule akaisoma kadi. Hakucheka. Akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha kosa moja, akamrudishia yule kijana. Watu wakawa kimya kabisa. Kisha akauinua mfuko wake juu kwa mikono miwili, kama mtoto wa darasa la kwanza, naye akacheka, na uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo.

Baadaye tulikula keki pamoja naye, keki zile zile ambazo wahitimu huuza kuchangia gharama za sherehe yao ya kuagana. Aliposikia kwamba mimi ni mwalimu, alianza somo papo hapo. "Abitur," alisema, "linatoka Kilatini abire, kuondoka. Abiturus ni yule aliye karibu kuondoka." Mzee mmoja wa msafara wetu, aliyetumikia Misa za Kilatini utotoni, akadakia, "Kama lile neno Ite la mwisho wa Misa!" Mama akafurahi mno, maana ndiyo asili moja: ire ni kwenda, ite ni nendeni. Akatuambia pia kwamba zamani aliyeshinda mtihani lakini hajaandikwa Chuo Kikuu aliitwa Mulus, yaani baghala, mnyama aliyezaliwa na punda na farasi. Punda si tena, farasi bado hajawa. "Tazameni," akasema akiwaonyesha wahitimu waliolowa maji, "kundi zima la baghala."

Nilimwuliza Mwalimu Mkuu kama haogopi. Alinijibu kwamba anaogopa kila mwaka, na ndiyo maana wanapatana kwanza. Wahitimu huja ofisini kwake na orodha ya mizaha, naye husoma na kufuta. Mayai, hapana. Rangi na gundi kwenye makufuli, hapana. Pombe, hapana. Milango ya hatari ya moto isizibwe. Mtu asiyetaka kupandishwa jukwaani asilazimishwe. Na mwisho, aliyechafua ndiye afagie. Wana sababu ya kutahadhari. Mwaka 2016 katika mji wa Köln, magharibi mwa nchi, wiki ya mwisho ya masomo ya wahitimu iligeuka mapambano ya usiku baina ya vijana wa shule mbalimbali, na wengine wakaumizwa vibaya. Waliotoka kwenda kucheka wakaishia hospitali.

Saa 6 muziki ukazimwa, na hapo nikaona jambo lililonipendeza kuliko yote. Wale mabwana wa shule wakachukua mafagio. Maputo yakapasuliwa, viti vikarudishwa madarasani, maji yakakaushwa. Yule mwalimu wa hesabu alikuja na jaruba la takataka bila kuitwa, akawashikia wakitia. Mlango ulipokuwa wazi, wahitimu wakamkabidhi Mwalimu Mkuu ufunguo mkubwa wa mbao. Akaupokea, akawaambia maneno machache. Bruda hakuyafasiri, maana alikuwa akitafuta kitambaa chake cha mkononi.

Njiani kurudi nilimwambia, "Bruda, kwetu mtoto akimwambia mwalimu wake vile, ni viboko."

Akanitazama kwa mshangao. "Mwalimu, hata wewe? Nimekaa kwenu miaka yote ile, utani si nimefundishwa na ninyi?"

Nikanyamaza, maana alisema kweli. Sisi ndio wenye utani. Mnyamwezi na Mzaramo, Mchaga na Mpare, babu na mjukuu wake: hao huambiana maneno ambayo mwingine akiyasema ni ugomvi. Nimeona mazishini watani wakiingia kaburini, wakalala chali, wakakataa kutoka mpaka wafiwa watoe chochote. Wanacheka wakati watu wanalia, na hakuna anayekasirika, kwa sababu mtani yule yule ndiye aliyekesha msibani na kushika jembe. Anayekuzibia njia ndiye anayekubebea mzigo. Kuzuia kaburi na kuzuia mlango wa shule ni jambo moja: watu wamefika mahali pa kuagana, na kuagana kukavu ni kugumu.

Lakini utani una masharti yake, nayo niliyaona yote pale. Mtani hachezi na mgeni, huchezea aliyemzoea. Hatanii kabla ya kazi, hutania baada ya kazi. Na akimaliza kutania, hushika ufagio.

Nimekaa kwenye mahafali mengi hapa kwetu. Risala husomwa, nayo daima ni ile ile: madawati hayatoshi, nyumba za walimu zimechakaa, tunamwomba mgeni rasmi. Ni kweli tupu, na lazima isemwe. Lakini watoto waliokaa na mwalimu miaka 7, wanaojua anavyokohoa, anavyotembea na methali zake tatu anazozirudia kila Jumatatu, huondoka bila kumwambia neno lolote la kwao wenyewe. Tangu niliporudi, darasa la mwisho shuleni kwetu lina robo saa yake baada ya risala. Mwaka wa kwanza mtoto mmoja alivaa koti langu la zamani, akanifundisha mimi darasani. Sikujua kwamba ninapopiga chafya hutaja jina la mke wangu. Mgeni rasmi nusura aanguke kitini.

Nimalizie na habari ya yule mama wa Kilatini. Mdogo wa binti wetu alikuwa ahitimu mwaka uliofuata, 2020, na maputo yalikuwa yamekwisha kununuliwa. Mwezi wa Machi shule za Bavaria zikafungwa kwa ugonjwa wa korona. Mtihani ulisogezwa mpaka karibu na mwisho wa Mei, wakaufanya wamekaa mbalimbali. Siku ya mizaha haikuwapo. Maputo yakabaki kabatini.

Na mwaka huo huo yule mama alifikia umri wa kustaafu. Bruda aliniandikia barua ndefu. Alisema kwamba mama yule, ambaye kila mwaka alinung'unika kuhusu makelele na maji, alikwenda shuleni asubuhi ile ambayo mizaha ingefanyika, akaukuta mlango wazi, ukumbi mtupu, akasimama pale muda mrefu. Mwezi wa Julai akafanya kazi siku yake ya mwisho. Hakukuwa na hotuba wala umati.

Jioni alipofika nyumbani kwake akakuta mfuko mrefu wa karatasi umeegemezwa kwenye lango. Walioleta walikuwa wamekwisha kuondoka, lakini alijua ni akina nani, maana juu yake palikuwa na kadi ya Kilatini yenye maneno mawili tu, kusema kwamba hatimaye amehitimu. Aliisoma kadi ile mara tatu, Bruda aliandika, na kalamu nyekundu mkononi. Safari hii hapakuwa na kosa hata moja.